Majina Kumi na Manne

Inosenti Margwe alikuwa mganga msaidizi wa zahanati ya Gidimari, kijiji chetu cha mwisho upande wa Mbulumbulu, pale mashamba ya ngano yanapoishia na msitu wa Ngorongoro unapoanza. Mimi, Lusia, nilikuwa mhudumu wake. Nilichemsha sindano, nilifagia, nilifunga vidonda, na saa nne nilimpikia chai, sukari ikiwepo. Nilifanya naye kazi miaka kumi na sita. Nilimpenda kama kaka yangu na kumkasirikia kama kaka yangu, na hasira hiyo haijaniisha, ingawa mwenyewe amelala makaburini pale parokiani tangu zamani.

Alikuwa mtu mrefu, mwembamba, mwenye masikio makubwa yaliyowachekesha watoto hata wakasahau sindano. Tena alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa: kuandika vizuri. Daftari la wagonjwa alilipiga mistari mwenyewe kwa rula na wino mwekundu. Ukija na mtoto anaungua homa, kwanza utaulizwa jina la mtoto, jina la baba, kitongoji, umri, na Inosenti ataandika polepole huku wewe unakanyagakanyaga sakafu kwa wasiwasi. Mkewe, Evarista, alikuwa akisema kwamba yeye ni mke wa pili, wa kwanza ni daftari. Inosenti alicheka na kuendelea kuandika.

Wagonjwa wetu walikuwa wa namna mbili. Kulikuwa na wakulima wa kijijini, Wairaqw wenzetu, na kulikuwa na wafugaji wa Kimasai walioshuka kutoka juu, nyuma ya msitu, mwendo wa saa nne kwa miguu. Kwenye karatasi za serikali hao wa juu walikuwa watu wa wilaya nyingine kabisa. Lakini zahanati ya kwao ilikuwa mbali kupita yetu, na mtoto mwenye kichomi hajui mpaka wa wilaya. Kwa hiyo Inosenti aliwatibu wote, na sanduku letu la dawa, lililopangwa kwa hesabu ya watu wa Gidimari peke yao, likaisha kila mwezi kabla ya tarehe ishirini. Aliandika wilayani kwetu kuomba nyongeza. Wakajibu kwamba hao si watu wetu, waombewe kwao. Akaandika kwao. Wakajibu kwamba zahanati hiyo si yao.

Katika hao wa juu alikuwako mtu mmoja tuliyemwita Baba Tobiko. Mwanawe, Tobiko, aliletwa kwetu akiwa mchanga, amekwisha kubadilika rangi midomoni, na Inosenti alikaa naye siku tatu bila kwenda nyumbani. Mtoto akapona. Tangu hapo, kila Mama Tobiko aliposhuka kununua mahindi alipitia zahanati na kibuyu cha maziwa, akakaa nami kwenye benchi la nje, akanicheka jinsi ninavyoitamka lugha yake. Miaka tisa Inosenti na Baba Tobiko walikuwa marafiki wa kweli. Walitembeleana, walipeana mbuzi. Wao wenzetu mtu mzima hawamwiti jina lake ovyo, humwita kwa mtoto wake, nasi tulifuata hivyo hivyo. Hata daftarini Inosenti aliandika Baba Tobiko tu, wala hatukuona sababu ya kuuliza zaidi.

Mwaka 1979, mvua za Machi zilipoanza, kipindupindu kikaingia. Kilitoka mnadani Karatu, ndivyo tulivyoambiwa, lakini kipindupindu kila mahali husemwa kimetoka kwa jirani. Nchi ilikuwa vitani Uganda. Magari yalikuwa yamechukuliwa, mafuta ya gari yalikuwa ya kibali, sukari ilikuwa ya kibali. Sisi tulikuwa na chupa kumi na mbili za dripu na kopo moja la vidonge vya kusafishia maji. Chupa kumi na mbili! Mgonjwa mmoja aliyekauka anaweza kumaliza sita kwa siku moja. Katika majuma matatu tulizika watu wanane Gidimari, na wa nane alikuwa mwalimu wangu wa darasa la kwanza. Nilimshika mkono mpaka mwisho, kwa sababu sikuwa na kitu kingine cha kumpa.

Halafu ugonjwa ukapanda mlimani na magunia ya mahindi.

Wafugaji wakaanza kushuka na wagonjwa wao juu ya punda. Wengine walifika, wengine waliishia msituni. Inosenti alitembea mpaka Karatu, akaomba kituo cha polisi wamtumie ujumbe kwa redio: Gidimari wamekufa wanane, juu ya msitu wamekufa kumi na wanne, tunaomba dripu, dawa na chumvi ya hospitali. Wilaya yetu ikajibu kwamba fungu la zahanati la mwaka huo limekwisha, na fungu la dharura liko mkoani. Wilaya ya wenzetu ikajibu vivyo hivyo. Basi jambo likapanda mkoani, na mkoani wakajibu haraka, nisiwasingizie. Jibu lilifika baada ya siku nne, limepigwa chapa, likiwa na muhuri.

Lilisema hivi, nalikumbuka neno kwa neno kwa sababu Inosenti alinisomea mara tatu. Vifo chini ya ishirini ni ugonjwa wa kuharisha wa kawaida, na hugharamiwa na wilaya. Vifo ishirini na kuendelea ni mlipuko, na hugharamiwa na fungu la dharura la mkoa. Kwa kuwa mwaka uliopita kuna wilaya ililetea mkoa marehemu wa kubuni na fedha zikatumika kununua matairi, sasa kila kifo kithibitishwe kwa jina la marehemu, jina la baba yake na kijiji chake, kama yalivyo kwenye daftari la kijiji. Mzigo upo ghalani tayari. Tuma orodha.

"Wanane na kumi na wanne ni ishirini na wawili," Inosenti akasema. "Tumevuka, Lusia. Dripu tumezipata." Alifurahi, maskini. Alikuwa anatakiwa kuandika orodha, kazi aliyoiweza kuliko wote.

Wale wanane wa kwetu aliwaandika kabla chai haijapoa. Kesho yake tukapanda juu, tukaenda kwa mzee Senteu, mwenyekiti wa kijiji cha wafugaji. Alitukaribisha vizuri, akatupa viti. Inosenti akaeleza habari yote kwa utaratibu: dripu, mkoa, ishirini, orodha. Mzee alisikiliza mpaka mwisho.

"Daktari," akasema, "wewe unataka mimi nikutajie majina ya watu walioondoka?"

"Ndiyo, mzee. Ni kwa ajili ya dawa tu."

"Sisi mtu akiondoka, jina lake linaondoka na yeye. Hatuliiti. Ukiita, unaumiza waliobaki, unaleta kifo kingine nyumbani." Akaokota kijiti chini. "Kama wale wa mkoa wanataka idadi, mimi nitasimama hapa niwape idadi kwa vijiti. Kumi na vinne. Nitakula kiapo."

"Wanataka majina, mzee."

"Hao watu wa mkoa hawana waliokufa kwao?"

Inosenti alijua desturi hiyo, wote tuliijua, ila hatukuwahi kugongana nayo hivi uso kwa uso. Mzee Senteu alimhurumia. Aliingia ndani akatoka na daftari la kijiji, limefungwa ndani ya ngozi ya mbuzi. "Hiki ni kitu cha serikali," akasema. "Majina yote yamo, ya waliopo na wasiokuwepo. Mimi sisomi. Kijana aliyeliandika amehamishiwa Arash, mbali. Chukua. Lakini usiulize mtu wangu yeyote."

Na Inosenti, kwa sababu ya haraka, akauliza. Tulipokuwa tunashuka tulipita maboma matatu yenye msiba, na kila lango akasimama na kuuliza kwa upole wake wote. Kwenye boma la kwanza mwanamke alifunika masikio. Kwenye la pili walituonyesha njia ya kuondoka. La tatu hawakutoka kabisa. Juma lile walioshuka kuja kutibiwa wakawa nusu ya juma lililopita. Mimi niliuona wazi upungufu ule. Yeye akasema labda ugonjwa unapungua.

Haukuwa unapungua.

Siku ya Jumatano, mvua inapiga bati hata hatusikilizani, tulikaa na daftari la kijiji juu ya meza ya dawa. Majina mia mbili na kitu ya watu wazima. Tuliowajua sura hatukuwajua majina, na majina tuliyokuwa nayo hatukuyajua sura. Tulijua kwamba mama fulani wa mapacha amekufa, na babu mwenye jicho moja amekufa. Lakini katika karatasi ile hapakuwa na mapacha wala jicho. Vitandani nyuma yetu walilala wanne, na chupa ya mwisho ya dripu ilikuwa imetundikwa kwa kijana ambaye hangefika jioni.

"Nikituma wanane," Inosenti akasema, "ni kuharisha kwa kawaida."

"Basi tuma ishirini na wawili."

"Niandike nani, Lusia?"

Sasa hapa ndipo penye hasira yangu, na sehemu kubwa ya hasira hiyo ni yangu juu yangu mwenyewe. Mimi ndiye niliyesema, "Andika wale ambao tangu mvua zianze hawajaonekana." Tulikuwa na daftari letu la wagonjwa pamoja na karatasi za chanjo, na baadhi yao waliandikwa humo kwa majina kamili siku za nyuma; aliyewaandika ni yule kijana aliyehamishiwa Arash, ambaye ndiye alikuwa akiwaleta. Aliyekuwa akishuka kila mwezi na sasa hashuki, amefanya nini kama si kufa? Ilinijia hivyo, nikaona nimetumia akili. Inosenti akachukua kalamu. Mimi nikamshikia rula.

Sisi ni wakulima. Kwetu mvua ikinyesha kila mtu yuko nyumbani, anapanda, anapalilia, na asiyeonekana wakati wa mvua ana lake jambo. Wafugaji ni kinyume. Mvua ikinyesha wanaume huchukua ng'ombe wakateremka nao upande wa pili, nyanda za Salei kwenye majani mafupi, wengine wakafika hata Engaresero, na hurudi baada ya miezi. Jambo hili kila mtoto wa Gidimari analijua. Mimi nalijua, Inosenti alilijua. Siku ile, na wagonjwa wanne nyuma yetu, halikumjia hata mmoja wetu kichwani.

Aliandika majina kumi na manne kwa mwandiko wake ule mzuri. Mkoani waliyalinganisha na nakala yao ya daftari la kijiji, wakayakuta yote, wakagonga muhuri.

Lori lilifika baada ya siku tisa, limejaa tope mpaka kwenye vioo. Katoni arobaini za dripu! Nilizihesabu kwa macho nikalia hapo hapo barabarani. Pamoja na lori alikuja mkaguzi kutoka mkoani, mtu wa makamo, mpole, koti limeloa, faili limefungwa ndani ya nailoni. Alitusalimia vizuri, akauliza habari za wagonjwa, akasikitika. Kisha akasema kabla mzigo haujashuka ni lazima afanye uhakiki wa hadharani. Watu wa vijiji vyote viwili waitwe, orodha isomwe, pasipokuwa na pingamizi atasaini.

Inosenti alibadilika uso. "Ndugu mkaguzi," akasema, "kwa hawa wenzetu jina la marehemu halisomwi. Tafadhali. Soma ya kwetu, ya kwao niamini."

"Bwana Margwe, mimi nakuamini. Lakini yule aliyenunua matairi naye aliaminiwa, na aliyesaini bila kusoma yuko gerezani sasa hivi. Mimi nina watoto sita."

Nilimchukia siku ile. Sasa simchukii. Alikuwa amebanwa na karatasi kama sisi.

Walikuja. Wafugaji walikuja wengi kuliko tulivyotegemea, kwa sababu tangazo lilisema dawa imefika, na kwa sababu mvua zilikuwa zimepungua na wanaume walianza kurudi kutoka Salei. Mzee Senteu alikaa mbele. Nyuma yake, amesimama kwa mguu mmoja na kuegemea fimbo yake, alikuwa Baba Tobiko, tope la safari bado limo kwenye shuka lake. Alimpungia Inosenti mkono. Hapo nikakumbuka kuwa huyu naye hatukumwona tangu mvua zianze.

Mkaguzi alisoma kwanza majina manane ya Gidimari. Watu walilia, mapadri walikuwepo, tukajikaza. Akafungua ukurasa wa pili. Jina la kwanza la wafugaji liliposomwa, mzee Senteu alisimama na kuinua mkono. Mkaguzi akadhani ni pingamizi, akauliza, "Si kweli?" Mzee alibaki na mkono juu. Mkaguzi akaendelea. Jina la pili, mwanamke mmoja akakimbia. La tatu, mtu mmoja nyuma akacheka kicheko cha kushtuka, akasema kwa lugha yao kitu ambacho nilikielewa: huyo ni mimi.

La nne mkaguzi alisoma, "Olais Parsimei."

Baba Tobiko aliteremsha ule mguu wake chini. Miaka tisa, na hatukujua kwamba anaitwa Olais. Alimtazama Inosenti, na Inosenti akamtazama, na nadhani katika maisha yangu sijaona watu wawili waliopendana wakitazamana vile. Kisha akageuka, akaondoka. Wote wakaondoka nyuma yake, wenye wagonjwa wakawageuza punda. Mkaguzi alibaki anasoma jina la tano mbele ya uwanja unaobaki mtupu.

Baadaye tulipata hesabu kamili: kati ya kumi na wanne tuliowaandika, tisa walikuwa hai.

Mzigo ulishushwa hata hivyo. Mkaguzi alikuna kichwa akasema kuurudisha kunahitaji hati nyingine ambayo hakuja nayo, wala mafuta ya kurudi na uzito hana. Na habari ya katoni zile niimalize kabisa hapa, kwa sababu inanikera. Gidimari ugonjwa ulikuwa umekwisha kutulia, tulitumia katoni nane tu. Wafugaji hakushuka hata mmoja. Mwisho wa Juni, vitabu vya mwaka vinapofungwa, lori jingine lilikuja kuchukua katoni zilizobaki, na hati ya kurudishia safari hiyo ilikuwepo. Mwezi wa nane ikaja barua ya fungu jipya. Fungu la zahanati yetu lilikatwa theluthi moja, maana kumbukumbu zilionyesha kwamba tuliomba kupita mahitaji. Inosenti alipewa onyo la maandishi na akaachwa kazini, kwa kuwa hapakuwa na mtu mwingine wa kumleta Gidimari. Alifanya kazi mpaka mwaka themanini na sita. Daftari hakuligusa tena, niliandika mimi.

Lakini siku iliyomvunja haikuwa ya barua wala ya mkaguzi. Ilikuwa siku ya sita baada ya ule mkutano. Mchuuzi mmoja wa mahindi alishuka asubuhi akatuambia kwamba ugonjwa umeingia kwa Baba Tobiko, na mkewe amelala hoi tangu jana.

Inosenti hakumaliza kumsikiliza. Tulipakia katoni mbili juu ya punda, mpira wa dripu na sindano nikafunga kiunoni kwa kanga, tukapanda. Njia ilikuwa tope tupu, kinyesi cha nyati kibichi kila mahali, na yeye alikuwa anakwenda karibu kukimbia, anajisemea, chupa nne za kwanza haraka, halafu polepole, chupa nne za kwanza haraka. Tulifika saa saba. Lango la boma lilikuwa limezibwa kwa miiba mchana ule.

Baba Tobiko alikuja mpaka upande wa ndani wa miiba akasimama.

"Baba Tobiko, nimeleta maji ya mshipa," Inosenti akasema. "Fungua, rafiki yangu. Nasikia Mama Tobiko anaumwa."

"Mimi siwezi kufungua."

"Kwa nini?"

"Mimi nimekufa," akasema, bila kupandisha sauti. "Wewe uliandika. Yule mtu akasoma mbele ya watu wote na wazee wakasikia. Mtu aliyekufa hafungulii mgeni lango."

"Nilikosea. Nakuomba. Nilikosea, sikujua kuwa ni wewe."

"Najua ulikosea." Machozi yalikuwa yanamtoka, hakuyafuta. "Wazee wamesema mkono ulioandika usiguse mtu wa hapa mpaka jambo litengenezwe. Kutengeneza kunataka watu tisa wote wakutane, na wengine bado wako na ng'ombe. Mimi siwezi peke yangu, daktari. Nikifungua, mtu akifa, watasema ni mimi."

Nikajitokeza mbele. "Basi niingie mimi, Baba Tobiko. Kuweka sindano najua. Mwache yeye huku nje."

Alinitazama. "Wewe hukuandika?"

Mpaka leo najiuliza kwa nini sikusema hapana. Neno moja tu. Angefungua. Lakini nilikuwa nimeshika ile rula, na wazo lilikuwa langu, na mdomo wangu ulikataa kufunguka. Akatikisa kichwa, akarudi ndani.

Inosenti akaanza kumpigia kelele juu ya miiba: chemsheni maji, tieni chumvi kidogo, sukari konzi moja, mpeni kwa kijiko, msiache. Ndani sauti ya mama mkwe ilijibu kwamba sukari hakuna. Hata sisi hatukuwa nayo. Chupa ishirini na nne za dripu tulikuwa nazo, tungeweza kuzirusha ndani zote, na ndani hapakuwa na mtu wa kuuona mshipa. Tulikaa chini nje ya lango, mgongo kwenye miiba. Tulimsikia. Mwanzoni aliomba maji, na mara moja alitaja jina langu, nikainuka, nikakaa tena. Tobiko, mtoto wa miaka tisa sasa, alikuwa anapita ndani na nje ya nyumba na kibuyu, asitutazame. Alasiri hatukusikia tena kitu.

Jua lilipoteremka kwenye miti Baba Tobiko akaja tena langoni.

"Nendeni nyumbani," akasema. "Msitu una nyati, mtachelewa."

Inosenti alisimama, akashika miiba kwa mkono mtupu. "Mama Tobiko anaendeleaje?"

Baba Tobiko alivuta tawi la miiba akaziba pengo lililobaki.

"Huyo," akasema, "usimtaje tena."

Tulipakia chupa zetu juu ya punda, zote ishirini na nne, tukashuka.